Kusaka Mwani Unaoelea Atlantiki Ukiwa Mbeya: Mwongozo Kamili

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa basi la alfajiri hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Wanafunzi wangu wengi wa jiografia hawajawahi kulowesha miguu kwenye maji ya chumvi. Hata hivyo, Jumamosi jioni, ukungu ukiwa umeshashuka Iyunga, huwa tunabanana sita au saba mbele ya kompyuta mpakato moja tukisaka mwani unaoelea katikati ya Atlantiki. Boti haihitajiki. Kinachohitajika ni bando, daftari na moyo wa kukataa. Kukataa nakusisitiza kwa sababu kuona mstari baharini ni rahisi mno. Kazi yenyewe ni kujua mstari upi si mwani.

Hesabu zilizomo humu hazizidi za kidato cha pili. Anayejua kuzidisha desimali atafika mwisho.

Ujue kwanza unachokisaka

Ukitaja mwani hapa kwetu, mtu anawaza Paje na Jambiani, akina mama wakifunga vitawi vya spinosum kwenye kamba zilizowambwa kati ya vigingi. Huo ni wa kulimwa na hauendi popote. Tunaousaka sisi unaitwa sagasamu, na hasa aina mbili, *Sargassum natans* na *Sargassum fluitans*. Hizi hazishiki mwamba maisha yao yote. Zinaelea kwa vifuko vya hewa vidogo kama njegere, na zinaongezeka kwa kukatika: kipande kikikatika kinaendelea kukua kivyake.

Makao yake ya asili ni Bahari ya Sargaso, kaskazini mwa Atlantiki, bahari isiyo na pwani hata moja kwa kuwa mipaka yake ni mikondo ya maji inayoizunguka. Columbus aliupita mwani huo mwaka 1492. Mwaka 2011 mambo yakageuka: marundo makubwa yalianza kufika visiwa vya Karibi na pwani za Afrika Magharibi, na tangu hapo karibu kila mwaka unajitengeneza ukanda kutoka upande wa Afrika hadi Ghuba ya Meksiko. Juni 2018 ukanda huo ulipimwa kilomita 8,850, ukiwa na zaidi ya tani milioni 20 za mwani. Mei 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida walikadiria tani milioni 37.5, rekodi kwa wakati huo.

Ukiwa baharini mwani huu ni neema, samaki wadogo na kasa wachanga hujificha ndani yake. Ukifika ufukweni na kuanza kuoza hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza, na mvuvi hawezi hata kuingiza mtumbwi majini. Ndiyo maana huko watu wanataka kujua siku kadhaa kabla haujatua.

Hatua ya kwanza: jifunze rangi Mbarali kabla ya kwenda Atlantiki

Usianze na bahari. Anza na mpunga.

Jani lenye uhai humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, ambao jicho letu haliuoni lakini setilaiti inauona. Maji yanafanya kinyume: infraredi yanaimeza karibu yote. Kwa hiyo kwenye bendi ya infraredi, yaani picha iliyopigwa kwa mwanga huo peke yake, bahari ni nyeusi kama sufuria la mkaa, na chochote chenye kijani kinachoelea juu yake kinang'aa. Mwani kwa macho ni wa kahawia wenye unjano, lakini ndani yake kuna klorofili ileile ya mpunga, nao unang'aa vilevile.

Fungua Copernicus Browser, tovuti ya bure ya picha za setilaiti za Ulaya. Andika Rujewa, huko Mbarali kwenye mpunga, kwenye kisanduku cha kutafutia, chagua setilaiti ya Sentinel-2, kisha chagua mwonekano unaoitwa False Color. Hapo infraredi imepewa rangi nyekundu. Tafuta siku isiyo na mawingu, na Mei au Juni ni rahisi zaidi kuliko Februari. Mashamba yenye mmea mbichi yatakuwa mekundu, maji meusi, ardhi iliyovunwa rangi ya udongo mkavu. Sogea hadi Tukuyu uangalie mashamba ya chai, utaona wekundu uliokolea wa kukuumiza macho. Kaa hapo nusu saa. Mwanafunzi aliyeona jaruba lilelile likiwa jeusi limejaa maji, kisha jekundu mpunga ulipokua, hahitaji tena maelezo yangu kuhusu mwani.

Zoezi la pili ni Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, upande wa Kisumu. Gugu maji la huko huelea kwa mafungu makubwa na husukumwa na upepo. Chukua picha mbili zilizopishana siku tano, uone fungu lilihama kutoka wapi hadi wapi. Hicho ndicho tutakachokifanya baharini, ila bahari haina kingo za kukusaidia.

Hatua ya pili: chagua dirisha lako

Atlantiki ni kubwa, na ukiingia kichwakichwa utamaliza bando kabla hujaona kitu. Anza na eneo la mashariki ya Barbados, latitudo 10 hadi 16 kaskazini, longitudo 50 hadi 60 magharibi. Mikondo na pepo za biashara, zile zinazovuma kutoka mashariki, husukuma mwani kupita hapo kuelekea magharibi. Msimu mzuri ni Aprili hadi Julai, na kwa kawaida ukanda hufikia kilele Juni au Julai. Mwishoni mwa mwaka mwani hupungua, na anayeanza anaweza kukata tamaa bure.

Hatua ya tatu: tazama mbingu kabla ya bahari

Fungua NASA Worldview, nayo ni bure na haihitaji akaunti. Weka tarehe, kisha angalia picha ya rangi ya kawaida ya eneo lako. Hapa hutafuti mwani bado. Unatafuta vitu viwili vya kukimbia.

Cha kwanza ni mawingu. Pepo za biashara hupanga vijiwingu vidogo kwa safu, kama mahindi ya Uyole, na safu hizo zitakudanganya zaidi ya kitu kingine chochote.

Cha pili ni mng'ao wa jua, pale bahari inaporudisha jua moja kwa moja kwenye lenzi na eneo zima kuwa la kijivu kinachometa. Kuna ujanja. Setilaiti ya Terra hupita asubuhi, jua likiwa mashariki, na mng'ao huangukia upande wa mashariki wa njia yake. Aqua hupita mchana, na mng'ao huhamia magharibi. Kitu ukikiona kwenye moja na kikapotea kwenye nyingine, mashaka yaanzie hapo. Hizi mbili zimezeeka, Terra iko angani tangu 1999 na Aqua tangu 2002, hivyo zoea pia picha za VIIRS, kamera iliyo kwenye setilaiti mpya zaidi, ambazo kwa mchana huja baada ya saa sita.

Siku ikiwa na mawingu zaidi ya nusu ya dirisha lako, andika "mawingu" kwenye daftari ufunge. Nayo ni kazi iliyofanyika.

Hatua ya nne: tafuta kwa upana

Rudi Copernicus Browser, chagua Sentinel-3 OLCI, yaani kamera ya OLCI iliyo kwenye setilaiti za Sentinel-3. Pikseli yake, yaani kimraba kimoja cha picha, ni mita 300, na hupita karibu kila siku. Kwenye sehemu ya kujipangia bendi, weka B17 kwenye nyekundu, B08 kwenye kijani, B06 kwenye buluu. B17 ndiyo infraredi. Mwani ukiwa mwingi utaonekana kama nyuzi nyekundu zilizopinda juu ya maji meusi.

Mtu atauliza: pikseli ya mita 300 inaonaje mwani ambao fungu lake huenda halizidi upana wa barabara? Chukua pikseli ya MODIS, kamera iliyo kwenye Terra na Aqua, mita 250 kwa 250. Hiyo ni hekta 6.25, karibu eka 15. Tuseme eka moja tu ina mwani na kumi na nne ni maji matupu. Maji yakirudisha 0.012 ya infraredi na mwani 0.12, wastani wa pikseli nzima unakuwa 0.019. Si nyingi, lakini jirani zake wote wana 0.012. Setilaiti haikuoneshi fungu lenyewe. Inakuonesha pikseli iliyoshindwa kuwa nyeusi kama wenzake.

Hatua ya tano: sogea karibu, na hapa usiwe na haraka

Sentinel-2 ina pikseli ya mita 10, lakini haipigi bahari kuu yote, hupiga nchi kavu, visiwa na maji ya jirani. Kwa hiyo inakufaa mwani ukishakaribia Barbados, Martinique au Guadeloupe. Weka False Color, vuta karibu. Mwani halisi huonekana kama michirizi myembamba, mingi, inayokwenda pamoja kufuata upepo, au kama uzi mmoja unaozunguka ukingo wa mkondo. Kwenye rangi ya kawaida michirizi hiyohiyo ni ya kahawia au karibu haionekani. Kitu cheupe kwenye rangi ya kawaida kikataliwe kwanza, kijitetee baadaye.

Sasa hesabu. Kuna kielezo cha mwani unaoelea kilichochapishwa mwaka 2009 na mtafiti Chuanmin Hu. Wazo lake ni hili: chora mstari wa kufikirika kutoka bendi nyekundu hadi bendi ya infraredi ya mbali zaidi, kisha uliza infraredi ya karibu imepanda juu ya mstari huo kwa kiasi gani. Kwa bendi za Sentinel-2, ambako B04 ni nyekundu, B08 ni infraredi ya karibu (si ile B08 ya Sentinel-3) na B11 ni infraredi ya mbali, inakuwa:

B08 − B04 − 0.187 × (B11 − B04)

Hiyo 0.187 haikuokotwa. Urefu wa mawimbi ni nanomita 665 kwa B04, 842 kwa B08 na 1,610 kwa B11. Toa 665 kwenye 842 upate 177, toa 665 kwenye 1,610 upate 945, gawanya 177 kwa 945.

Tujaribu kwa namba za mfano. Maji matupu: B04 ni 0.020, B08 ni 0.012, B11 ni 0.005. Jibu ni −0.005, hasi. Mwani: 0.030, 0.120 na 0.020. Jibu ni 0.092, chanya na juu. Safi kabisa, sivyo? Sasa jaribu wingu: 0.40, 0.42 na 0.30. Jibu ni 0.039. Chanya!

Hapo ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia. Juni moja nilitangaza mbele ya watoto mstari wa karibu kilomita arobaini, mashariki ya Barbados, kielezo chanya mwanzo hadi mwisho. Nilishaanza kuwaeleza ungetua lini. Binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono taratibu. "Samahani Mwalimu, mbona una kivuli?"

Ulikuwa na kivuli. Mwani uliolala juu ya maji haurushi kivuli.

Tangu siku hiyo sharti letu ni kwamba kielezo hakisomwi peke yake. Kwanza angalia B04. Ikizidi 0.1 hivi, usihangaike na kielezo, hilo ni wingu au povu. Pili, tafuta kivuli pembeni. Tatu, vuta karibu kabisa uone kingo zake: bendi za Sentinel-2 hazipigwi kwa sekunde ileile, hivyo wingu lililo juu huonesha kingo zenye rangirangi kama mafuta ya gari kwenye dimbwi. Ndege hivyohivyo. Meli utaijua kwa nukta inayong'aa mbele na mkia ulionyooka nyuma.

Wa kumwogopa zaidi ni bakteria wa baharini wanaoitwa *Trichodesmium*. Nao huelea kwa michirizi, nao wana klorofili, na kielezo kinawakubali. Kwenye maji ya jirani na visiwa niliyoyataja, mchirizi uliofifia sana huwa tunauandika "sijui" mpaka picha nyingine iuthibitishe.

Suala la bando: usipakue picha nzima ya Sentinel-2, inaweza kukaribia gigabaiti. Ukiwa na akaunti ya bure, kitufe cha kupakua kina chaguo la Analytical linalokupa bendi unazotaka za eneo unaloliona tu, kwa muundo wa TIFF. Chukua B04, B08 na B11, zifungue kwenye QGIS, programu ya bure, na upige hesabu hapo kwa kikokotoo cha rasta (Raster Calculator). Umeme ukikatika katikati, na utakatika, faili umeshalihifadhi.

Hatua ya sita: mwani unakwenda wapi

Mwani hubebwa na mkondo, na juu yake upepo huongeza kidogo. Watafiti hutumia kati ya asilimia 1 na 3 ya mwendo wa upepo. Anza na 1.

Fungua earth.nullschool.net, chagua bahari na mikondo, bofya pale ulipouona mwani. Kisha badili uende kwenye upepo, bofya palepale. Angalia mtego: mwelekeo wa mkondo husemwa kule unakokwenda, mwelekeo wa upepo husemwa kule unakotoka. Upepo wa mashariki unasukuma kwenda magharibi. Nimeona daftari zima likipeleka mwani Afrika kwa kosa hilo moja.

Mfano: mkondo mita 0.3 kwa sekunde kuelekea magharibi. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku, unapata kilomita 26. Upepo wa mashariki mita 7 kwa sekunde, asilimia moja yake ni 0.07, sawa na kilomita 6 kwa siku. Jumla kilomita 32. Kwa siku tano ni 160. Kwenye latitudo 13, digrii moja ya longitudo ni kilomita 108 hivi, kwa hiyo mwani uliokuwa 57.5 magharibi utakuwa karibu na 59, ukinusa Barbados.

Lakini tazama hiyo 160 vizuri. Sentinel-2 mbili hurudi mahali palepale kila siku tano. Fungu ulilolipenda Jumatatu halitakuwepo Jumamosi, na njiani litakuwa limekatika na kuungana na mengine. Usifuate fungu. Fuata eneo lenye mwani, kwa picha za kila siku za Sentinel-3, na Sentinel-2 uiache iwe shahidi wa mwisho karibu na kisiwa. Kwenye ramani chora kitu kama pembe: ncha iko mwani ulipo leo, upana unaongezeka kila siku, kwa sababu makosa nayo yanasafiri.

Upepo ukizidi mita 10 kwa sekunde, mawimbi huvunja mafungu na kuzamisha sehemu yake chini ya uso. Siku hiyo bahari itaonekana safi. Usiandike "umeisha". Subiri upepo utulie siku mbili.

Hatua ya saba: daftari

Safu zetu ni hizi: tarehe, setilaiti, saa, latitudo, longitudo, mawingu, mng'ao, upepo, hukumu. Hukumu ni ndiyo, hapana au sijui, na hatuoneani aibu kwa sijui.

Saa inachanganya kuliko vyote. Picha huandikwa kwa saa za dunia (UTC). Ongeza tatu upate saa zetu, kisha usome kwa Kiswahili. Sentinel-2 ikipita Barbados 14:40, hapa ni 17:40, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, wakati watu wanapanga foleni ya daladala Kabwe. Picha yenyewe huingia mtandaoni saa kadhaa baadaye, hivyo ya Ijumaa sisi tunaifungua Jumamosi.

Ukimaliza hukumu yako, hapo ndipo ufungue ramani za wenye kazi yao: mfumo wa kuangalia sagasamu wa Chuo Kikuu cha South Florida, unaotoa picha za kila siku na za mkusanyiko wa siku saba, na ripoti ya NOAA, shirika la bahari na anga la Marekani, inayoonesha pwani zipi ziko hatarini. Usizitangulize. Ukiona jibu kabla ya kutafuta, macho yako yatakuletea jibu hilohilo. Mkusanyiko wa siku saba ni muhimu kwa sababu wingu lililofunika leo huenda halikuwepo juzi, na picha saba zikiwekwa pamoja huacha mashimo machache.

Mkitofautiana nao, rudi kwenye picha yako uangalie B04 na kivuli kabla ya kitu kingine. Mara nyingi kosa ni lako. Safari moja tuliandika "ndiyo" kaskazini mashariki ya Martinique, na ramani yao ya siku hiyo ilikuwa tupu mahali pale, imepakwa rangi ya mawingu. Siku ya pili yake ikaja na alama palepale, kidogo magharibi, kama kilomita thelathini hivi. Yule binti wa kivuli alipima kwa rula juu ya kioo cha kompyuta, akahesabu, akaandika kwa penseli kwenye safu ya hukumu: "Ndiyo. Imesogea na mkondo."